Abasia ya Fontenay kwa siku moja kutoka Paris: usafiri, goti la mama na cha kuangalia

BintiSongea

Wadau, habari za leo. Mama anakuja Paris mwezi wa tano na ameomba aone monasteri ya kale iliyo shamba, si kanisa la mjini lenye foleni ya watalii. Amekulia karibu na Peramiho, kwa hiyo abasia si kitu kigeni kwake. Nimeangukia Fontenay, kule Burgundy. Naomba kujua:

1. Bila gari tunafikaje?
2. Tuitengee saa ngapi, na tukifika tuangalie nini hasa?
3. Mama ana miaka 71. Anatembea vizuri, ila goti moja halitaki ngazi.
4. Tunaweza kusali masifu ya jioni pamoja na wamonaki?

Asanteni.

Reli_Bercy

Karibu dada. Kituo chenu ni Montbard, na treni zake zinatoka stesheni mbili tofauti za Paris. TGV, yaani treni ya kasi, inatoka Gare de Lyon na kufika kwa saa moja na dakika chache, ila TGV nyingi za njia hiyo hupita Montbard bila kusimama, na zinazosimama ni chache kwa siku. Treni ya mkoa, yaani TER, inatoka Paris-Bercy na kuchukua kama saa mbili. Tiketi ya TGV ni ya treni moja tu, na bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ya TER haibani kiti, ukichelewa unapanda inayofuata. Kwa safari yenye mzee ningechukua TGV asubuhi na TER jioni, ili msikimbizane na saa mkiwa huko.

Shida inaanza mkishuka. Kutoka stesheni hadi abasia ni kama kilomita 6, na msitegemee basi. Taksi za Montbard zinahesabika na hazikai zikisubiri abiria. Piga simu siku moja au mbili kabla, panga ya kwenda NA ya kurudi, na mtajie dereva saa ya treni yenu ya kurudi. Wengi hupanga ya kwenda tu wakidhani watapata nyingine hukohuko. Abasia iko bondeni katikati ya msitu, hakuna barabara kubwa ya kusimamisha gari.

Kwa miguu ni saa moja na nusu hivi kupitia kijiji cha Marmagne. Kwa kijana mwenye viatu vizuri ni matembezi mazuri. Kwa goti la mama, hapana.

Halafu Mei ya Ufaransa ina sikukuu nyingi: tarehe 1, tarehe 8, na Kupaa kwa Bwana mara nyingi huangukia humohumo. Siku hizo treni hujaa na taksi huadimika. Chagua Jumanne au Jumatano ya kawaida.

ChokaaNaJiwe

Nianze na swali la nne, maana usipolijua mapema mama atavunjika moyo. Fontenay haina wamonaki. Waliondolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na mwaka 1791 majengo yakauzwa, yakageuzwa kiwanda cha karatasi. Tangu 1820 kiwanda kilikuwa mikononi mwa ukoo wa Montgolfier, haohao wa puto la hewa moto. Mwaka 1906 Édouard Aynard, mwenye benki wa Lyon aliyeoa katika ukoo huo, aliinunua abasia, akabomoa majengo ya kiwanda na kurudisha yale ya wamonaki. Kazi kubwa iliisha 1911. Hadi leo ni mali ya familia, na tangu 1981 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa hiyo mnakata tiketi, mnatembea, mnatoka. Hakuna kengele wala masifu.

Sasa cha kuangalia. Ni nyumba ya Wasistersiani, waliotaka kuishika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuilegeza. Peramiho nako wanafuata Kanuni hiyohiyo, kwa hiyo mama ataitambua ramani haraka: kanisa, ukumbi wa kapitulo (wa mikutano ya wamonaki), bweni, chumba cha kulia, vyote vikizunguka ua mmoja. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux aliwatuma wamonaki wa kwanza mwaka 1118, nao wakahamia mahali pa sasa mwaka 1130.

Kanisa lilijengwa kati ya 1139 na 1147, sehemu kubwa kwa fedha za Askofu Everard wa Norwich aliyekimbilia huko kutoka Uingereza, na Papa Eugenio III akalibariki mwaka 1147. Lina urefu wa mita 66 na halina mnara. Ukiingia, tulia kwanza karibu na mlango mpaka macho yazoee. Ukumbi wa kati hauna madirisha yake juu ya matao, na sababu ni ya kifundi. Dari ni tao refu la mawe lenye umbo la nusu pipa, lililochongoka kidogo juu, na uzito wake unasukuma kuta kwenda nje mwanzo hadi mwisho. Kutoboa madirisha juu kungedhoofisha ukuta palepale unaposukumwa. Wajenzi wakaweka pembeni vyumba vyenye dari ndogo za pipa zilizolala kwa kukingama na ile kubwa, zikawa ndizo mhimili wake. Ndiyo maana mwanga unatoka ncha mbili, madirisha saba upande wa mlango na mengine nyuma ya altare, na kidogo pembeni. Asubuhi unatoka mashariki, upande wa altare, alasiri unageuka. Mawingu yakiwa mazito, kanisa ni giza kweli.

Sakafu ni udongo. Wengi hudhani hayo ni mapungufu ya ukarabati, lakini vigae vya zamani viliharibika, na vilivyobaki vimekusanywa karibu na altare. Humohumo kanisani kuna sanamu ya Bikira Maria na Mtoto, ya mwishoni mwa karne ya 13, ambayo kwa muda mrefu ilisimama nje, kwenye makaburi ya kijiji cha Touillon. Msipite haraka hapo.

Jambo moja vijitabu vingi hulitaja kwa haraka: si kila mnachokiona ni cha karne ya 12. Paa la mbao la bweni ni la karne ya 15. Chumba cha kulia hamtakiona kabisa, kilibomolewa mwaka 1745 na wamonaki wenyewe, ndiyo sababu upande wa kusini wa ua unaonekana mtupu. Na bustani nadhifu zinazojaa kwenye picha ni za juzi juzi. Abasia inayofanya kazi ingekuwa na mboga, kuni na matope mahali hapo. Binafsi naona nyasi zile zimepangwa kupita kiasi, ila wageni wanazipenda.

MamaWaParokia

BintiSongea, mwanangu, kuhusu goti. Njia ni za changarawe, na ndani kuna mawe yasiyo sawa. Mkongojo utafaa hata kama hautumii siku zote. Bweni liko juu na linafikiwa kwa ngazi za mawe. Mama akiliacha hajapoteza siku, kwa kuwa kanisa, ua wa ndani, ukumbi wa kapitulo, chumba kikubwa walichofanyia kazi wamonaki na karakana ya chuma vyote viko chini. Mchukulie sweta hata kama Paris kuna joto. Kanisa lile ni baridi, na ukikaa dakika ishirini, sakafu ya udongo utaisikia miguuni.

Chakula nunueni Montbard kabla ya taksi. Maduka ya miji midogo hufungwa mchana, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Mtazame pia saa za abasia kwenye tovuti yao, maana majira ya baridi hufunga wakati wa chakula cha mchana, na ratiba hubadilika kwa msimu.

Kama mama anataka sala pamoja na watawa, hiyo ni siku nyingine. Cîteaux yenyewe, kusini mwa Dijon, shirika la Wasistersiani lilikoanzia mwaka 1098, ina watawa Watrapisti (tawi la Wasistersiani) hadi leo, na wanauza jibini lao. Majengo ya kale huko karibu yote yameisha. Mtakuta sala, si usanifu. Pia kuna Wabenedikto Flavigny-sur-Ozerain, wanaoimba kwa Kilatini. Stesheni ya karibu nao ni Les Laumes-Alésia, inayofuata baada ya Montbard ukielekea Dijon. Usijaribu kuunganisha na Fontenay siku moja bila gari.

BintiSongea

Asanteni sana, mmeniokoa hasa kwenye masifu. Hiyo karakana ya chuma ndiyo nini? Wamonaki na uhunzi wapi na wapi?

Nyundo_na_Fuawe

Usiiache, kwangu ndiyo sehemu bora ya Fontenay. Ni jengo la mawe la urefu wa mita 53, lililo ukingoni mwa eneo, kando ya maji. Kilima cha jirani kina mawe ya chuma, msitu ulitoa makaa, na kijito kilitoa nguvu. Kanuni iliwataka wajitegemee kwa kazi ya mikono, na chuma kilihitajika kwa majembe, misumari na zana za kuchongea mawe.

Kazi ilikwenda hivi. Tanuri za wakati ule hazikuyeyusha chuma kikawa maji. Zilitoa donge laini lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma, kama wahunzi wetu wa zamani walivyopata. Donge hilo lazima ligongwe likiwa bado jekundu mpaka uchafu utoke na chuma kishikane. Likipoa kabla, linapasuka badala ya kushikana. Kwa mkono ni kazi ya watu kadhaa na mchi wa chuma mzito. Pale waliwekea mfereji: maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha gogo nene lenye meno, na kila jino likipita linakandamiza mkia wa nyundo. Kichwa kinainuka, jino linaachia, nyundo inaanguka kwa uzito wake. Mwendo unarekebishwa kwa kufungua au kufunga maji, si kwa kugusa nyundo.

Nyundo mnayoiona si ya kale, ilitengenezwa upya mwaka 2008, na gurudumu lake pia. Muulizeni mlinzi kama itawashwa siku hiyo na saa ngapi, kabla hamjaingia kanisani, ili mpange mzunguko wenu. Ikiwa haifanyi kazi, tazameni meno kwenye lile gogo na mkia wa nyundo, mtaielewa bila maelezo.

Reli_Bercy

Kwa muda: saa mbili na nusu kwa mwendo wa mama, pamoja na mapumziko. Mkishuka Montbard asubuhi, mwambieni dereva wa taksi arudi baada ya saa tatu. Na Grande Forge ya Buffon, ya karne ya 18, iko kilomita chache kaskazini mwa Montbard kandokando ya mfereji. Mama akinogewa na uhunzi, mpeleke huko siku nyingine.