Tupeane uzoefu: Mlio na mgonjwa wa mashine nyumbani, Jumapili zenu huwaje?

Mke wa Kigamboni

Salaam kwenu nyote. Jana nilikuwa msibani nikamwona mama mmoja akimnyang'anya mumewe glasi ya maji mbele za watu, na wanawake waliokaa mkekani wakaguna kwamba huyu ni mke wa namna gani. Sikuguna, kwa sababu huu ni mwaka wa tatu mimi ndiye mama huyo. Mume wangu figo zake zote mbili zimeshindwa kazi kwa sababu ya shinikizo la damu ambalo alilipuuza kwa miaka mingi, na sasa anasafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa saa 4 kila safari. Wauguzaji wenzangu mtanielewa nikisema kwamba siku mbaya kuliko zote ni Jumapili, maana tangu Ijumaa maji yanajikusanya mwilini bila pa kutokea.

Usiku nisioweza kuusahau ulikuwa wa Jumapili moja ya Januari, na joto la Dar es Salaam mwezi huo mnalijua. Ijumaa yake tulikuwa tumeikosa kwa kuwa fedha hazikutimia, naye akasema anajisikia vizuri, nami kwa ujinga wangu nikamwamini. Jumamosi alipita kijiweni akanywa madafu mawili, jambo ambalo nililijua baadaye kutoka kwa muuzaji mwenyewe. Saa nane usiku nikasikia kitanda kinatikisika. Alikuwa ameketi ukingoni, mikono imeng'ang'ania godoro, akivuta pumzi kama mtu aliyeopolewa baharini, na kila nilipojaribu kumlaza alinisukuma, kwa sababu akilala tu anazama. Nikatoka nje na kanga zangu kutafuta bajaji. Dereva alitaka tukangoje pantoni, mimi nikataka tupite darajani, tukabishana njia nzima huku mume wangu akikoroma nyuma, na tulipofika kwenye tozo nikagundua kwamba sikubeba hata shilingi. Kijana yule alilipa yeye, na mpaka leo sijui jina lake.

Alfajiri walimwunganisha kwenye mashine, wakamtoa lita 4. Alipozinduka vizuri aliniomba chai, nikaangua kilio, kwa maana badala ya kufurahi nilijikuta nahesabu kwamba kikombe kile ni mililita 200.

Naomba tupeane uzoefu, hasa ninyi mlio wenza wa wagonjwa. Mgonjwa huulizwa hali yake, na sisi nasi tunaulizwa hali yake.

Binti wa Tanga

Dada, umenipeleka mbali. Kwetu Jumapili hakuna anayelala, hata paka.

Kitinda Mimba

Kabla baba hajapata bima tulikuwa tukilipa zaidi ya shilingi 200,000 kwa safari moja, na mwezi una safari 13, kwa hiyo hesabu inavuka milioni 2.6 kabla ya nauli na kabla ya sindano za kuongeza damu. Tuliuza pikipiki, kisha shamba, kisha tukaanza kutazamana. Ushauri wangu ni mmoja: fungeni jokofu kwa kufuli, na kiu ikizidi mpeni kipande cha barafu anyonye.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, barafu ni maji yaliyovaa kanzu. Inasaidia kwa kuwa huyeyuka polepole na kiasi chake ni kidogo, lakini ni lazima ihesabiwe pamoja na uji, mchuzi na tikitimaji. Madafu ni hatari maradufu, kwa sababu mbali na maji yana potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda mno inaweza kuusimamisha moyo bila kubisha hodi. Ndizi na parachichi ni vivyo hivyo. Viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe. Pimeni uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Kufuli kwenye jokofu siliungi mkono, kwa maana nimeuguza wazee waliokwenda kunywa bombani.

Mpenda Asili

Kwa nini mnateseka na mashine ilhali mizizi ipo? Jirani yangu alikunywa dawa ya kienyeji siku 21 akapona kabisa.

Kitinda Mimba

Jirani yako alipimwa kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla na baada, au alipona kwa mdomo? Baba yetu alianza na mizizi hiyohiyo pamoja na vidonge vya maumivu alivyovinunua dukani kila wiki, na alipofika hospitali miguu ilikuwa imejaa kama mito ya kulalia.

Mpenda Asili

Sikumtukana mzee wako, kijana. Punguza hasira.

Mke Mwenza wa Mashine

Mtaniwia radhi kwa jina langu, lakini ndiyo hali halisi: mashine ni mke mwenzangu, ina zamu tatu kwa wiki, na ikimrudisha kwangu anarudi hoi, anatetemeka kwa baridi na misuli ya miguu imemkaza. Nisemeje kuhusu mambo ya chumbani? Mwanzoni nilidhani amepata mtu nje. Ilinichukua mwaka kuthubutu kumwuliza daktari, naye akanieleza kwamba ugonjwa huu pamoja na baadhi ya dawa za presha huzima hamu. Ningeambiwa mapema nisingepekua simu ya mgonjwa.

Mzaliwa wa Nne

Nimeandika na kufuta mara nyingi. Dada yetu mkubwa alikuwa kwenye mashine, na tuliposikia kwamba tangu Novemba 2017 upandikizaji wa figo unafanyika Muhimbili bila ulazima wa kwenda India, ukoo ukaitwa kikao. Tulikuwa watu sita sebuleni. Kaka yetu alisimama mbele ya mama akasema yeye atatoa, akapimwa, akaonekana anafaa. Asubuhi ya kwenda kulazwa simu yake ilizimwa. Tulimkuta Tunduma baada ya siku tisa, na mama hakumpa mkono wake kuanzia siku hiyo. Dada alifariki miezi saba baadaye. Kwenye maziko kaka alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, na hakuna aliyemwachia koleo.

Ila kuna jambo ambalo sijawahi kulitamka. Siku ya kikao walipofika kwangu nilisema nanyonyesha. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu.

Binti wa Tanga

Mungu wangu.

Kitinda Mimba

Kwa hiyo mlimtenga kaka yenu miaka yote hii, na wewe umekaa kimya?

Mke Mwenza wa Mashine

Kitinda Mimba, figo si embe, kwamba ukimnyima mtu wewe ni mchoyo. Mwacheni dada wa watu.

Kitinda Mimba

Sijasema atoe. Nasema angemtetea kaka yake.

Muuguzi Mstaafu

Ndiyo maana mtu anayetaka kutoa figo anapaswa kuzungumza na daktari peke yake, pasipo mama wala wajomba, na akisita iwe siri yake. Nimewaona waliosema ndiyo sebuleni huku macho yanasema hapana. Mzaliwa wa Nne, kaka yako yu hai?

Mzaliwa wa Nne

Yu hai. Namba yake ninayo.

Binti wa Tanga

Mpigie.

Mke Mwenza wa Mashine

Usimpigie. Mwendee.

Mwenye Mashine

Shikamooni wakubwa. Nimewasoma nikiwa hapa kitini, mkono wa kushoto una sindano mbili na sitakiwi kuusogeza, kwa hiyo naandika kwa kidole gumba cha kulia. Mnatuzungumzia kama ndoo zinazovuja. Naomba mjue kwamba sisi ndio wa kwanza kusikia mnapohema jikoni. Mshipa wangu wa mkononi, ule uliounganishwa kwa ajili ya mashine, hutetemeka na kuvuma usiku kucha kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na mke wangu alihamia chumba cha watoto akisema anashindwa kulala. Sikumlaumu, ingawa tangu siku hiyo nalala nikiwa nimeufunika kwa mto.

Muuguzi Mstaafu

Usiulalie wala kuukandamiza, baba. Ukiacha kuvuma ndipo ukimbie hospitali.

Mke wa Kigamboni

Kaka Mwenye Mashine, mimi nalala upande wa mkono huo. Mwanzoni ulinitisha, siku hizi nikishtuka usiku naugusa kwanza mshipa, nikiusikia unavuma nageuka na kuendelea kulala. Mwonyeshe mkeo maneno haya, labda atakuja kuusikiliza.

Leo ni Jumapili. Nimeandika haya huku namtazama kibarazani. Amebakiza mililita 150 za kumfikisha usiku, na ameomba zote ziwe chai ya tangawizi.