Jirani anapigwa na mumewe, PF3 yake kaniachia mimi. Naombeni ushauri

Kijana wa Tabata: Habari za majukumu wakuu. Naenda moja kwa moja kwenye mada maana usingizi sina. Kuna mama jirani yangu hapa Dar anapigwa na mumewe. Safari hii amevunjwa mkono, amefungwa POP. Alipita polisi kwanza akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, daktari akaijaza, kisha karatasi akaniachia mimi nimtunzie. Swali: isiporudishwa polisi, kesi inakufa? Naombeni majibu ya kistaarabu.

Babu Mstaafu: Kijana, ya mume na mke usiyaingilie. Wakipatana usiku, asubuhi adui ni wewe. Enzi zetu mjumbe wa nyumba kumi aliwaita wote wawili, yakaisha pale pale, watu wakarudi kula.

Mama Wawili: Shikamoo Babu. Ya kwangu hayakuishia kwa mjumbe, maana mjumbe alikuwa anakunywa na mume wangu. Niliambiwa nirudi nikapike. Aliyenitoa ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Alinisindikiza mpaka Dawati la Jinsia na Watoto, nikasikilizwa na askari wa kike kwenye chumba cha pembeni. Kabla ya hapo nilikuwa nasimama kaunta, aliyeibiwa simu nyuma yangu anasikia kila neno, mpaka nikasema nimeanguka bafuni. Mlango ule uliofungwa ndio ulionifanya niseme ukweli.

Wakili Mtarajiwa: Akitaka talaka, kwa kawaida aanzie baraza la usuluhishi la ndoa. Na asitishwe kwamba ataondoka na begi tu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango kwenye mali. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa yake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971.

Mzabzab: Wanawake wa siku hizi nao wana midomo jamani 😂

Mama Wawili: Mzabzab, mdomo unajibiwa kwa mdomo. Huyu amevunjwa mfupa. Toa hicho kicheko.

Mkurya wa Mugumu: Huku kwetu Serengeti kuna nyumba salama. Wengi wanaokimbilia ni mabinti wanaokwepa ukeketaji, msimu wake ni Desemba. Binti wa shangazi yangu alipokelewa hapo, akarudi shule. Baba yake alisusa, leo anajisifia cheti cha mwanawe. Dar huko nyumba salama zipo?

Nesi wa Zamu: Mkuu mleta uzi, nimezoea kuulizwa "niirudishe wapi". Wewe unauliza isiporudi itakuwaje. Na mwanamke ana mama, ana dada, ana rafiki, iweje karatasi iwe kwa kijana jirani? Sema vizuri tukusaidie.

Kijana wa Tabata: Sawa. Si jirani, ni shemeji yangu, mke wa kaka. Naishi kwao. Aliniachia kwa sababu kaka anapekua mkoba wake, chumbani kwangu haingii. Ipo kwenye begi langu, chini ya vyeti vya shule.

Jumamosi kuna kikao cha ukoo Singida. Baba kasema niende nayo, wazee waichane mbele ya wote, kaka aombe radhi, atoe mbuzi na vitenge kwa wakwe, yaishe. Tiketi nimeshakata. Msinihukumu. Kaka ndiye ananilipia ada, nipo mwaka wa mwisho. Akifungwa, kazi imekwenda, na mtoto wao yupo darasa la pili, atakula nini? Mimi naona kikao kina busara kuliko mahakama.

Babu Mstaafu: Hapo wazee wako wamefikiri. Mbuzi ameunganisha koo nyingi.

Wakili Mtarajiwa: Babu, kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo ya ndoa kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Na kumuumiza mtu vibaya ni kosa la jinai, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 7. Wazee wapatanishe mioyo, hilo ni jema. Kesi ya jinai haiko mikononi mwao.

Mpelelezi Huru: Wadau, simameni kidogo. Mwanzo jirani, sasa shemeji. Anajua karatasi ilipo, anajua tarehe ya kikao, anajua daktari kaijaza, lakini hakuna sentensi hata moja ya mwanamke mwenyewe anataka nini. Ama hii ni chai, stori ya kutunga, ama huyu ndiye mume, anatupima ajue ana siku ngapi. Acheni kumchorea ramani.

Mkurya wa Mugumu: Du! Nafuta swali langu la nyumba salama. Asije mtu akazitaja hapa.

Mzabzab: Mimi nilisema mapema chai.

Mama Wawili: Hukusema, ulicheka. Ila Mpelelezi ana hoja. Mume wangu alitafuta nilipojificha kwa kujifanya kaka yangu kwenye simu. Mleta uzi, kama ni kweli, shemeji anasemaje?

Kijana wa Tabata: Mimi si mume. Mnataka nithibitisheje, niweke picha ya mkono wa mtu hapa? Sijamuuliza. Tangu siku ile anafua kwa mkono mmoja, ndoo kaibana kwa magoti, mtoto anamkamulia nguo. Nikipita ananiangalia, sisemi kitu.

Nesi wa Zamu: Uwe shemeji, uwe mume, jibu langu ni lile lile, kwa hiyo naliandika wazi. Ukiichana hiyo karatasi, matibabu yake yapo kwenye faili la hospitali, na yeye anaweza kurudi polisi. Unachochana ni imani yake kwako. PF3 ni yake, mpe leo. Kwenda au kutokwenda ataamua mwenyewe.

Amana pale Ilala kuna kituo cha mkono kwa mkono, matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Mtoto akitishiwa, piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na ada, muone mshauri wa wanafunzi chuoni kwako kabla hujaitolea sababu.

Kijana wa Tabata: Nimempa. Ameiweka ndani ya POP, kwenye pamba. Anasema anataka kwenda ila hataki kumwacha mtoto nyumbani. Anaruhusiwa kwenda naye?

Nesi wa Zamu: Aende naye. Abebe na kadi ya kliniki ya mtoto, asiage mtu. Na wewe usipige simu Singida mpaka awe ameshafika.

Mpelelezi Huru: Bado sijaamini. Mods, fungeni uzi huu usionekane na wageni.