Tupeane uzoefu: umewahi kuona habari ikipikwa au ikitupwa, Arusha na Moshi?

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, nimemaliza kutazama tena msimu wa tano, ambao ndio wa mwisho, wa tamthilia ya Marekani iitwayo The Wire, uliorushwa na kituo cha televisheni cha HBO kati ya Januari na Machi 2008. Baada ya misimu ya polisi, bandari, siasa na shule za jiji la Baltimore, huu unaingia katika chumba cha habari cha gazeti la The Baltimore Sun, ambako mtunzi wake, David Simon, alikuwa mwandishi kwa zaidi ya miaka 10. Wengi wanaukumbuka kwa sababu ya Scott Templeton, mwandishi anayetunga vyanzo na maneno ya watu, na kwa namna uongo wake unavyokutana na ule wa mpelelezi McNulty, aliyebuni muuaji wa watu wasio na makazi ili zipatikane fedha za upelelezi.

Mimi kilichonishika zaidi ni kile kilichoachwa nje ya gazeti. Omar Little, mporaji wa wauza dawa za kulevya ambaye mitaa yote inamjua na kumwogopa, anauawa, na kwenye dawati la habari kifo chake kinagombea nafasi ndogo na habari ya nyumba iliyoungua, moto unashinda. Mtazamaji anajua uzito wa marehemu yule, gazeti halijui, na wala hakuna aliyesema uongo. (Ambaye hajatazama anisamehe, miaka imeshapita mingi.)

Waliofanya kazi ya uandishi huku kaskazini, na hata waliowahi kuandikwa, watueleze: habari gani ilipikwa mbele yako, na ipi ilitupwa? Tusitaje magazeti wala majina ya watu.

Mchangiaji wa Kaloleni, Arusha:

Nilikuwa mwakilishi wa gazeti la Dar es Salaam, wa kulipwa kwa habari iliyochapishwa. Utaratibu huo ueleweke kwanza, maana ndio unaopika habari kabla mtu hajashika kalamu. Habari isipotoka hulipwi, na nauli ya kwenda Longido umejitolea mwenyewe, kwa hiyo mwenye semina hotelini, anayekuaga kwa bahasha, ana uhakika wa kuandikwa kuliko mfugaji ambaye mifugo yake imekwisha.

Mwaka 2009, ukame ulipoangamiza ng'ombe Longido na Monduli, nilikwenda, nikaona mizoga kando ya barabara, nikaandika. Dawati likauliza ni kiongozi gani aliyetoa tamko. Hapakuwa na kiongozi, palikuwa na wenye ng'ombe. Habari ikalala hadi mheshimiwa mmoja alipofanya ziara, ndipo ikatoka: aya ya kwanza mgeni, ya pili mgeni, ya tatu msafara wake, na ng'ombe wakaanzia aya ya nne. Kwa hiyo Alma Gutierrez, mwandishi mwingine katika tamthilia hiyo, anapoamka alfajiri kulitafuta gazeti, akitarajia kuiona habari yake ya mauaji ya watu watatu ukurasa wa mbele, na kuikuta imefinywa ndani, sikuhitaji kuelezwa kinachompata.

Mwalimu mstaafu, Moshi:

Mimi sikuwahi kuwa mwandishi, niliandikwa. Nilikuwa sokoni Mbuyuni nikichagua ndizi, kijana mwenye daftari akaniuliza kuhusu bei ya sukari, nikamjibu kuwa imepanda, nikaendelea na ndizi zangu. Gazetini nikajikuta nina miaka 52, nikisema "kwa uchungu" kwamba tunaiomba serikali sikivu itutupie jicho la huruma kwani watoto wetu wanalala na njaa. Umri hakuniuliza, na wanangu wote wanajitegemea. Wanafunzi wangu wa zamani walinipigia simu kunipa pole. Mmoja alinitumia sukari.

Nilipofika ofisini kwao kudai masahihisho, niliambiwa kuwa maneno yale hayana ubaya wowote, kwa sababu ndiyo yanayosemwa na wananchi. Naona Templeton naye hukaa hapo hapo: yule mtoto wa kiti cha magurudumu anayemwandika siku ya ufunguzi wa ligi ya besiboli, ambaye hakuna mwingine aliyemwona, ni mtoto ambaye msomaji ameshaandaliwa kumhurumia.

Mchangiaji wa Sakina, Arusha:

Niliripoti kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha. Iliyotuhusu sisi ni kesi ya vyombo vya habari, iliyoanza Oktoba 2000, ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa redio ya RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003, na baada ya rufaa ya mwaka 2007 vifungo vikawa miaka 30, 32 na 35. Siku ya hukumu gazeti langu lilitaka kila nilichokuwa nacho. Lakini wataalamu walipokuwa wakichambua matoleo ya Kangura, kuonyesha namna chuki inavyopangwa gazetini kwa vichwa vya habari na katuni, nilikaa nyuma ya kioo na vipokea sauti masikioni, nikaandika, na kilichotoka kikawa aya chache au kisitoke kabisa. Niliambiwa kesi ndefu haiuzi.

Mhariri mstaafu, Njiro, Arusha:

Naomba kutofautiana kidogo na mleta mada kuhusu tamthilia yenyewe. Whiting na Klebanow, wale wakubwa wa gazeti, wamechorwa kwa hasira, na Gus Haynes, mhariri wa habari za jiji, hana doa hata moja. Mimi sijawahi kufanya kazi na mhariri wa namna hiyo. Ila pale anapoamka usiku na kupiga simu kazini kuhakikisha kwamba hakugeuza tarakimu, hapo hawakutia chumvi. Na mwisho wake ni wa kweli: Templeton anachukua Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko Marekani, Gus anahamishiwa dawati la kusahihisha nakala, Alma anapelekwa ofisi ya pembeni.

Kuhusu lililomkuta mwalimu, nilipokuwa na dawati langu niliagiza kwamba kila mwananchi atakayenukuliwa awe na namba ya simu, na mimi mwenyewe nitapiga baadhi. Waandishi walilalamika kuwa watu wa sokoni hawapendi kutoa namba. Wanaoiomba serikali sikivu wakapungua sana katika kurasa zangu, na mwandishi mmoja aliyekuwa akiwaleta kila wiki akaomba kuhamia michezo.