Huo Qubing: jemadari wa kweli au kijana wa kubebwa?

Swali: Wakuu, Huo Qubing, jemadari kijana wa China ya kale, alikabidhiwa wapanda farasi 800 mwaka 123 KK, akiwa na miaka 18 kwa hesabu ya Kichina. Mjomba wake Wei Qing alikuwa jemadari mkuu wa Han, dola ya China wakati huo, na mama yake mdogo Wei Zifu alikuwa mke wa Kaizari Wu. Huku si kubebwa?

Jibu 1: Mlango alifunguliwa, sikatai. Ila hao 800 aliwatenga na jeshi kubwa, akaingia nao mbali jangwani, akarudi na hesabu ya Waxiongnu, wahamaji wa kaskazini waliopigana na Han, 2,028 waliouawa au kutekwa. Baba mdogo wa Chanyu, mtawala wao, alikuwa kati ya mateka. Mjomba hawezi kukupigania vita ya namna hiyo. Miaka miwili baadaye akawapokonya Hexi, ukanda wa njia ya kwenda magharibi.

Mimi hunigusa habari ya baba yake. Huo alizaliwa nje ya ndoa. Baba, karani mdogo, alirudi kwao Pingyang, akaoa, wasijuane. Siku moja jemadari anapita Pingyang kwenda vitani, anaagiza mzee aitwe, kisha yeye ndiye anayepiga magoti. Akamnunulia mashamba na nyumba. Wakati wa kurudi akamchukua mdogo wake wa kwa baba, Huo Guang, hadi Chang'an, mji mkuu, na huyo mtoto ndiye aliyekuja kushika hatamu za dola. Kijana mwenye kiburi tupu angepita bila kusimama.

Jibu 2: Mkuu, umeiruka habari ya njaa ya askari wake. Sima Qian, mwanahistoria aliyeishi zama zilezile, anaandika kwamba kaizari alimpelekea Huo makumi ya magari ya chakula, naye akarudi ametupa nafaka na nyama zilizobaki huku askari wake wana njaa. Wengine hawakuweza hata kusimama, yeye akicheza mpira.

Jibu 1: Ni kweli, na inaniuma kila nikiisoma. Sima Qian anataja na sababu: Huo aliingia kuhudumu ikulu angali mdogo, akakua mtukufu, hakujifunza kuwajali askari. Mimi naongeza Li Gan, ofisa aliyempiga Wei Qing. Huo alimpiga mshale wakiwa mawindoni, akafa, na kaizari akatangaza kwamba ni paa dume aliyemchoma pembe. Hapo ndipo alipobebwa, mkuu uliyeuliza. Si kwenye wale 800.