Naomba ushauri: benchi la mbao la mlangoni lenye nafasi ya viatu

MamaPacha_Tabata
Habari zenu wakuu. Kwangu ukifungua mlango tu uko sebuleni, na hapo mlangoni ndipo lilipo soko la viatu: ndala, raba za shule, magambuti ya baba yao. Nataka nitengeneze benchi la mbao, mtu akae avue kiatu, na chini liwe kasha lenye mfuniko. Ukuta una sentimita 120 kabla hujagusa fremu ya mlango. Bei ya fundi imenikimbiza, halafu napenda kujifunza. Nina msumeno wa mkono, futi, na drili ya shemeji. Ninunue mbao gani, vipimo viweje, na mfuniko usije ukawabana wanangu vidole (wana miaka minne)? Nyumba ni ya kupanga, sitaki kutoboa ukuta.

kijana_wa_temeke
Dada, nunua stendi ya plastiki yaishe.

MamaPacha_Tabata
Stendi ninayo, mkuu. Imelalia ubavu, na viatu viko chini vilevile.

Mzee_wa_Randa
Binti, kazi hiyo unaiweza. Chukua paini, 1x8 (inchi 1 kwa 8) za futi 12, vipande vitatu, na 2x2 moja ya futi 12. Mninga ni mzuri lakini kwa msumeno wa mkono utalia, na mfuniko wake ni mzito, ukimwangukia mtoto ni balaa.

Pale dukani usikubali kupangiwa. Inua kila ubao, tazama ukingoni kwa jicho moja kama umenyooka. Ulio mzito kuliko wenzake wa saizi ileile ni mbichi, rudisha. Paini yetu nyingi hapa Dar inashuka kutoka Mafinga na Njombe, na mara nyingine inafika haijakauka. Ukiitengeneza hivyo, mwezi ujao benchi limepinda kama upinde. Zikifika nyumbani zilaze ndani, weka vijiti katikati hewa ipite, usubiri wiki mbili tatu.

Vipimo: kimo cha kukalia sentimita 45, urefu 110, kina 36. Kiatu cha namba 44 ni kama sentimita 30, kitaingia. 1x8 ikipigwa randa inabaki kama sentimita 19, kwa hiyo mbao mbili, moja juu ya nyingine, zinakupa ubavu wa 38. Nguzo nne za 2x2 kata 43 kila moja, simamisha ndani ya pembe, zizidi chini sentimita 5 ziwe miguu. Usilaze ubao sakafuni, maji ya deki yataupandia. Ubao wa kwanza unatoa vipande vitatu vya 110. Wa pili, kimoja cha 110 na viwili vya 114 vya mfuniko. Wa tatu, vinne vya 32 vya ubavuni, na unaobaki, ukikatwa vipande viwili, ndiyo sakafu ya ndani. Huo wa sakafu waambie wakuchanie kwa mashine hapohapo, upate upana wa 15, uache mwanya katikati.

Toboa kwanza kwa drili kabla ya skrubu, la sivyo paini inapasuka mwishoni. Kabla hujakaza zote, pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana, kasha limekaa mraba.

Mfuniko ni mbao mbili zilizoshikwa chini na vipande viwili vya 2x2 vinavyokatiza. Hapo usipake gundi. Tundu la skrubu kwenye hivyo vipande lipanue kidogo, kwa sababu ubao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Ukiubana kabisa, unachanika katikati.

DogoFenicha
Mzee umemaliza. Ila kwa nini asitumie MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa? Anakatiwa kila kitu na kubandikiwa ukanda, anakuja kukaza skrubu tu.

Mzee_wa_Randa
Mlangoni panaingia miavuli na viatu vilivyolowa, mdogo wangu. MDF ikinywa maji inavimba kama andazi na hairudi. Bora hata plaiwudi ya milimita 18.

bi_Kariakoo
Mimi nauliza jambo moja, mama pacha. Mtoto wa miaka minne atafunua mfuniko aweke kiatu ndani? Hawezi, ataviacha juu yake. Kwangu tuliondoa mfuniko, tukaacha mbele wazi. Kila mtoto ana kishimo chake, anasukuma kwa mguu anaenda zake. Na harufu imekwisha, maana viatu vya jasho ukivifungia kwenye kasha kwa joto hili la Dar vinaota ukungu.

kijana_wa_temeke
Hoja nzito. Nakaa hapa nijifunze.

MamaPacha_Tabata
Bi Kariakoo umenigusa penyewe, na suala la vidole limejimaliza. Mzee wangu, nikiacha mbele wazi litahimili? Baba yao ana kilo 95.

Mzee_wa_Randa
Litahimili ukiweka kizuizi katikati kuanzia sakafu ya ndani hadi chini ya kiti, yaani ule uliokuwa mfuniko. Mbao mbili za mbele usizifunge. Moja kata vipande viwili vya 32, ndiyo kizuizi. Nyingine ichane upana wa sentimita 6 au 7, uiweke mbele juu kabisa chini ya kiti, inazuia kupinda. Chini ya kizuizi pitisha kipande cha 2x2 kutoka mbele hadi nyuma, na hapo kiongeze mguu wa tano, maana kilo hizo ndipo zitakapotua.

DogoFenicha
Msasa namba ngapi, mzee?

Mzee_wa_Randa
Anza na 80, malizia na 180, ukifuata mishipa ya ubao. Halafu sanding sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya ubao kabla ya vanishi), msasa mwepesi, vanishi mara mbili. Nyayo za miguu zipakwe dawa ya mchwa kwanza, ikauke, ndipo vanishi. Watoto wakae mbali siku hiyo.

MamaPacha_Tabata
Jumamosi naenda kununua mbao. Shemeji keshaanza kuuliza drili yake itarudi lini.