Watoto wa Kiyahudi waliofichwa waliwezaje kutunza siri?

Swali
Ndugu zangu, najua kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia Wanazi, waliotawala Ujerumani, na washirika wao waliwaua watoto wa Kiyahudi wapatao 1,500,000, lakini kinachonikosesha usingizi ni wale waliookoka mafichoni. Mtoto wa miaka minne aliwezaje kutunza siri ambayo hata mtu mzima ingemlemea?

Jibu la 1
Alikaririshwa. Katika nyumba za watawa nchini Poland, mtoto alirudia jina jipya, sala na ishara ya msalaba hadi aweze kuvitamka hata akiamshwa ghafla usiku wa manane. Wavulana walikuwa hatarini zaidi, maana Wakristo wa huko hawakutahiriwa, hivyo tohara ingewaumbua mara moja.

Jibu la 2
Naongezea habari za Irena Sendler, mfanyakazi wa ustawi wa jamii mjini Warsaw, ambaye pamoja na wenzake aliwatorosha watoto kutoka geto, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta ambamo Wayahudi walifungiwa, akaandika majina yao halisi na ya bandia kwenye vikaratasi vyembamba vilivyofukiwa bustanini, ili wazazi wakirudi wawapate. Wengi wa wazazi hao waliuawa katika kambi ya mauaji ya Treblinka.

Jibu la 3
Tena, kwisha kwa vita mwaka 1945 hakukumaliza mambo. Nchini Ufaransa, ndugu wawili wa familia ya Finaly, waliopoteza wazazi wao katika kambi ya mauaji ya Auschwitz, walibatizwa mwaka 1948 kwa hatua ya mlezi wao, na shangazi zao walihangaika hadi 1953 ndipo wakawapata. Kwa wadogo kabisa, ambao mama waliyemjua ni yule aliyewaficha, kurudishwa kwa jamaa kulikuwa kutenganishwa kwa mara ya pili.