60 Hz au 144 Hz kwa Microsoft Flight Simulator?

rubani_mezani: Wakuu, natafuta skrini ya inchi 27, 1440p (pikseli 2560 × 1440). Kwenye viwanja vikubwa vya ndege mashine inatoa fremu (picha) 40 hivi kwa sekunde. Kuna haja ya kulipia 144 Hz, yaani skrini inayojichora upya mara 144 kwa sekunde?

fundi_kebo: Ipo, ila si kwa sababu ya hiyo 144 yenyewe. Kwenye 60 Hz fremu 40 hazigawanyiki sawa: moja inakaa milisekunde 16.7, inayofuata 33.3, na ukigeuza kichwa dashibodi inakatakata. Chukua ya 144, iweke kwenye 120 Hz, kisha ndani ya mchezo washa V-Sync (inayofuatanisha fremu na skrini), chagua 33%, yaani theluthi ya 120. Kila fremu itakaa milisekunde 25 kamili.

mzee_wa_hertz: Sawa, mradi fremu zisishuke chini ya 40. Zikishuka, FreeSync (skrini kufuata kasi ya fremu) ndiyo itakuokoa, lakini soma masafa yake ya Hz kabla ya kulipa. Ya 48–75 haikusaidii kitu hapo, maana 40 iko chini yake na haina nafasi ya kurudia fremu. Ya 48–144 huweza kurudia kila fremu mara mbili, 40 ikawa 80.

fundi_kebo: Na kebo iwe DisplayPort. HDMI 1.4 haifikishi 144 kwa 1440p. Kisha ingia mipangilio ya Windows uhakikishe, maana mara nyingi Windows huiacha skrini kwenye 60.

rubani_mezani: Na aina ya paneli, VA je?

mzee_wa_hertz: Ukiruka sana usiku, nyingi zinaburuza vivuli vyeusi. Chukua paneli ya IPS.